Pini Mdomoni

Begi lilikuwa bado begani mwangu, natafuta pa kulitua, mwenye nyumba aliponionyesha kiti cha mwisho wa meza akaniambia nikae. Nilidhani ni ukarimu. Kumbe nimepewa cheo.

"Wewe mgeni hatukujui, na sisi hutujui," alisema, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Ndiyo maana unafaa. Huyu mkwe wangu ana intavyuu leo leo. Muulize maswali, na usimwonee huruma."

Nimepanga vyumba katika miji mingi, na mlangoni nimeulizwa kama nakoroma, kama nina mke, kama nasali. Kuajiri watu kabla ya kuoneshwa kitanda, hilo lilikuwa jipya.

Mkwe mwenyewe alikuwa ameketi upande wa pili, mikono ameikalia kama mtoto aliyeonywa asiguse kitu. Fundi cherehani, mwanamke wa makamo, gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Duka alimokuwa akishona limefungwa. Karakana inayoshona mashuka na nguo za hospitali inatafuta msimamizi mmoja. Asipoipata nafasi hiyo atahamia kwa dada yake, mwendo wa siku nzima kwa basi, akafanye vibarua vya kushona huko, na binti yake anayesoma darasa la sita atabaki hapa na bibi yake. Hayo nilisimuliwa na shemeji yake, dereva wa lori aliyekuwa akinywa chai amesimama.

"Wakikuuliza udhaifu wako," shemeji alimfundisha, "sema hivi: tatizo langu mimi, napenda kazi kupita kiasi."

"Msikilizeni mwalimu!" mama alidakia. "Yeye kazi akiiona tu, mgongo unamuuma."

Fundi hakucheka. Nikakohoa, nikaanza na jepesi. "Dada, hebu tuambie, wewe ni nani?"

Mkono wake wa kulia ulichomoka chini ya paja, ukapanda kwenye ukosi wa gauni, ukachomoa pini, ukaitia katikati ya midomo. Yote hayo macho yake yakiwa kwangu. Halafu akanijibu: "Mm."

"Pini!" mama alipiga meza. "Umeiona, mgeni? Hivyo hivyo ndivyo alivyofanya kule kwenye intavyuu ya kwanza. Watu wazima watatu wanamuuliza, yeye anawatazama kama anawapima suruali."

Fundi aliitoa pini, akaiweka mezani. Alinieleza kwa sauti ndogo kwamba fundi akishika kitambaa kwa mikono miwili hana mkono wa tatu wa kushikia pini, basi mdomo ndio mkono wake. Miaka yote hiyo wateja wanaongea, yeye anajibu mm. Siku hizi akiogopa mdomo unataka pini, na pini ikishaingia maneno hayatoki.

Tukarudia. Mikono akaikalia tena. Alijibu kuhusu vitambaa, kuhusu mafundi wagomvi, kuhusu kazi ya haraka. Sauti ilianza kupata miguu. Nami, kwa kuwa wasaili wote huuliza, nikauliza: "Kazi yako ya kwanza uliiacha kwa nini?"

Mkono ulipanda tena kwenye ukosi. Safari hii hapakuwa na kitu, ukabaki pale unapapasa.

"Sema ulitafuta maendeleo," shemeji alinong'ona, ingawa wote tulimsikia.

"Shemeji, nyamaza." Alinigeukia mimi. Nadhani ilikuwa rahisi kwa sababu nilikuwa bado mgeni kwake. "Nilifukuzwa. Nilishona sare ya shule, nikasahau pini kwenye kola. Mtoto akaivaa. Ilimchana shingo, hapa." Aligusa chini ya sikio lake. "Damu ikatoka darasani. Sasa mimi nikawaambie hayo watu wanaoshona nguo za wagonjwa? Si watanifungulia mlango nitoke?"

Swali lililokuja mdomoni mwangu halikuwa la usaili. Nilitaka tu kujua. "Na baada ya hapo?"

Akainuka, akaenda kwenye cherehani iliyokuwa dirishani, akarudi na duara jeusi lililoning'inia kwenye uzi. Sumaku, imetolewa kwenye spika mbovu. "Kila nguo nikiimaliza naipitishia hii. Ndani, nje, kwenye pindo. Kama kuna pini inanasa. Mafundi wenzangu walikuwa wananicheka, wakaniita Mganga."

"Basi si uwaambie hilo!" mama alisema.

"Nikiwaambia la sumaku, wataniuliza kwa nini nilianza."

"Watauliza. Na wewe umeshajibu hapa, mbele ya mtu mwenye begi begani. Hujafa."

Ni kweli nilikuwa sijalitua.

Saa ikafika. Shemeji alitoka kuwasha lori ampeleke. Mama akamsimamisha mkwewe katikati ya chumba, amkague: kola, mabega, mgongo. Sijui kama alikusudia mzaha, alichukua sumaku akaipitisha kwenye gauni la bluu. Kwenye mkono wa kushoto ikatoa mlio mdogo, tik.

Pini.

Fundi aliurudisha mkono wake haraka. "Mama, siendi."

"Kwa nini?"

"Si mnaona wenyewe! Nimesahau tena."

"Nimeona sumaku imeikamata," mama alisema. Mara hii sauti yake haikuvuka barabara. "Nimeona hicho tu, mwanangu."

Nje lori lilipiga honi. Fundi aliibandua pini ile kwenye sumaku, akaitazama, na kwa kitambo nilihofia ataitia mdomoni. Akaniwekea kiganjani. Sumaku akaiviringisha kwa uzi wake, akaitumbukiza kwenye pochi.

"Wakiniuliza, nitaitoa," alisema. "Niombeeni."

Akatoka. Tulimsikia akijikwaa ngazini, akimwambia shemeji asiendeshe kwa fujo. Niliinuka niulize chumba changu kiko wapi.

"Kaa hapo hapo, mgeni," mama alisema, akifuata lori kwa macho dirishani. "Mpaka arudi."

Nikakaa, na pini kiganjani.