Katuni Niliyomtafsiria Bibi

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika saa mbili, na sasa jua limetoka na udongo mwekundu wa hapa Geita unafuka mvuke. Sikwenda kanisani kwa sababu ya goti. Nilikaa barazani na mjukuu wangu, yeye na simu ya mama yake anatazama katuni, watoto wa kuchorwa wanaimba, nikajikuta nacheka peke yangu. Akaniuliza, "Bibi, kwani unaelewa wanachosema?" Nikamwambia sielewi. Imenichukua miaka zaidi ya arobaini kulijibu swali hilo kwa ukweli.

Ngoja nikusimulie, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na sijui kama nitayapanga vizuri.

Tulikaa Mwadui, kwenye kota za mgodi wa almasi, baba akiwa seremala. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni; dada yangu anataja mwaka mmoja na mimi mwingine, kwa hiyo tuuache. Nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka king'ora cha zamu, harufu ya mbao kwenye shati la baba, na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliyoitia mfukoni kwenda nayo shule, migumu kama gome la mti mpaka uitafune nusu ya kipindi cha hesabu.

Kiangazi kile, baada ya mavuno, bibi mzaa baba akaja. Mimi nimebeba jina lake. Kwetu, mjukuu mwenye jina la bibi ni wa bibi: bibi akizeeka, mjukuu huyo huenda kuishi naye, amchotee maji na kumwashia moto. Bibi alikuja kunichukua. Hakuna aliyelitamka, ila nyumba nzima ilijua. Mama hakuweza kumkatalia mama mkwe, na baba hakuweza kumkatalia mama yake.

Nisimwonee bibi. Alikuwa peke yake na mgongo ulimsumbua. Kijijini nako kulikuwa na shule, sikatai. Lakini ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na wasichana wenzangu waliotangulia kwa bibi zao waliishia kuswaga ndama. Mimi nilitaka kumaliza darasa la saba. Ndilo tu nililotaka, na sikuwa na mdomo wa kulisema.

Siku ya tatu, mchana, jirani alituita mimi na bibi. Alikuwa mtu wa Unguja, mume wake akiendesha mitambo mgodini, na nyumba yao ndiyo pekee mtaani kwetu yenye televisheni na deki. Huku bara kituo cha televisheni hakikuwepo. Kanda alitumiwa na kaka yake, aliyekuwa akirekodi vipindi vya kule. Alitutandikia mkeka, akatupa chai yenye iliki na vitumbua, akatueleza. Watoto wa katuni iliyomo kwenye kanda, alisema, walianza kwa kuchorwa gazetini kwenye vile viboksi vinne. Watu wakawapenda, wakawaigiza jukwaani kwa nyimbo. Halafu wakachorwa tena, waimbe kwenye televisheni.

Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo nilimweleza kwa Kisukuma. Akafikiri.

"Yaani wametoka kwenye karatasi, wakawa watu, wakarudi kwenye karatasi?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi wana akili. Wamerudi kwao."

Nikakirudisha kitumbua sahanini.

Kanda ikaanza, Kiingereza kitupu. Nami nilikuwa nimekwisha kujisifu tangu siku ya kwanza kwamba Kiingereza nakijua. "Haya, msomi," bibi akasema, "wanasemaje?"

Watoto walikuwa wamejipanga pande mbili za barabara, wanaimbiana. Bibi akaelewa papo hapo, au alidhani ameelewa: kwake hao walikuwa Bagika na Bagalu, yale makundi yetu mawili ya ngoma yanayoshindana kuvuta watu baada ya mavuno. "Wa kushoto wanacheza vizuri," akasema, "lakini hawana dawa ya kuvuta watu. Tazama, watu wote wamehamia kulia."

Kisha akatokea msichana mwenye mikia mitatu ya nywele, peke yake, akaimba wimbo mrefu wa huzuni. Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Anaimba kwamba wanataka kumtoa shule. Anasema ataishi vipi bila wenzake. Anasema anampenda bibi yake, ila anaomba amalize kwanza." Kila alipofungua kinywa mimi nikaongeza. Jirani akajifunika mdomo kwa kanga. Aliwahi kujifunza Kisukuma kwa wauza maziwa, lakini kiasi gani sijui. Pengine alikuwa anapiga chafya.

Tulipotoka, bibi alinishika mkono, tukasimama kwenye ua wa mkonge.

"Yule mtoto kapotelewa na kofia," akasema.

Nikaanza kuchezea ncha ya jani la mkonge.

"Nimeiona ikipeperuka. Nimemwona akiinama chini ya gari kuitafuta. Macho yangu hayahitaji Kiingereza."

"Nisamehe, bibi."

"Ningi asiye na nguvu huimba shida yake akisingizia ya jirani." Ningi ni yule anayeongoza nyimbo ngomani. "Mbona hukuniambia kwa mdomo wako?"

"Niliogopa."

"Unaniogopa mimi? Mwenye jina lako?"

Tulipofika nyumbani akamwita baba. "Huyu abaki amalize hizo namba zake. Na Kiingereza mwongezeeni, maana hajui hata kidogo."

Aliyekwenda badala yangu mwaka uliofuata ni binti wa shangazi. Lazima niliandike hilo, maana nafuu yangu ilimwangukia mtu. Nimewahi kumuuliza, anasema hakujuta, bibi alimlea vizuri. Namwamini nusu, na nusu ile nyingine ni yangu kuibeba.

Jirani alirudi Unguja na deki yake. Bibi tulimzika kwao, na ngoma za mavuno sasa naziona mara chache. Katuni zimejaa kila simu, ila mjukuu wangu anatazama peke yake na hakuna wa kumuuliza wanasemaje.

Jioni ile bibi aliposema nibaki, tulikula ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yakaungwa kwa karanga. Mama, ambaye tangu bibi afike alikuwa akimega mara mbili tatu na kunawa, alikula tonge baada ya tonge. Sahani ya ugali ilipokwisha, bibi akamwambia aende akasonge mwingine, na mama akaenda.