Kengele ya Tutaona

Ko-ko, ko-ko-ko. Aliyekulia kijijini kwetu Wamaza hahitaji kuelezwa mlio huo, lakini wewe wa mbali ngoja nikueleze. Ni kengele ya mti, imechongwa ikawa na tumbo bapa, na ndani yake zimening'inia ndimi mbili za mti mgumu. Hufungwa shingoni mwa mbwa wa kuwinda, kwa sababu mbwa wetu wa kienyeji habweki. Mgeni akiambiwa hivyo hucheka, basi na acheke. Mbwa wetu ana mkia uliojikunja na masikio yaliyosimama, na sauti anayo, ila huitumia kulalamika tu. Ukimwachia porini bila kengele atamkimbiza paa na wewe hutajua wameelekea wapi. Wawindaji wakiwa bado njiani waliziba kengele kwa konzi ya majani ili wanyama wasishtuke. Walipofika penye nyavu ndipo walipoyatoa, na pori lote likaanza kugonga. Mimi sasa ni mwalimu hapa Kasongo, mtu mzima mwenye watoto wangu, lakini seremala wa jirani akigonga mbao asubuhi moyo unaniruka, na siku hiyo darasani nafoka bila sababu.

Mbwa wetu aliitwa Tutaona. Kwetu mbwa mara nyingi hupewa jina la kuwajibu majirani, na baba alimpa jina hilo baada ya shemeji zake kusema kwamba kile kitoto dhaifu hakitamaliza wiki. Baba alikitafunia muhogo na kukilisha kwa kidole, yeye ambaye sisi watoto wake hatukumbuki kubebwa naye. Alikuwa mtu wa maneno machache na fimbo ya karibu. Tutaona alikua, akawa mwekundu wa kahawia, kifua cheupe, na hakuna nungu aliyejificha akasalimika. Nyama ilipoletwa nyumbani, fungu la mbwa lilikatwa kwanza, kabla ya la mama, kabla ya letu, na mama hakupinga kwa sababu alijua ni nani aliyemtoa mnyama porini. Jioni mbwa yule alilala kati ya miguu ya baba, manyoya yametota, yakitoa harufu ya matope na moshi iliyochanganyika na mafuta ya mawese ya chunguni. Niseme ukweli, nilimwonea wivu. Nilimpenda pia, tena sana, na kwa mtoto mambo hayo mawili hulala kitanda kimoja bila kugombana.

Kiangazi nilipokuwa na miaka tisa ukaja ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Mtoto wa kijiji cha pili aliumwa na mbwa, wakamtibu kwa majani, akafa akiogopa maji. Baada ya hapo kila mtu akawa anatazama nyuma yake. Watu walitembea na fimbo hata wakienda chooni. Likatoka tangazo kwamba mbwa wafungwe, na polisi atampiga risasi mbwa yeyote anayezurura. Wawindaji wakaenda kwa chifu kulalamika: mbwa wa kuwinda ukimfunga unamuua miguu, na watu watakula nini? Walizungumza siku nzima, mwishowe wakapatana na polisi kwamba mbwa mwenye kengele inayolia ni mbwa mwenye bwana, aachwe apite. Tangu siku hiyo kengele haikuvuliwa. Tutaona alikula nayo, akalala nayo, na mimi usiku nikimsikia akijikuna nilijua yuko hai nikarudi usingizini.

Mama alinikataza kabisa kutoka na mbwa. Alisema kengele ni ya watu kupatana, lakini risasi haijui mapatano. Mimi masikio nilikuwa nayo kwa ajili ya hereni tu. Asubuhi moja nilitumwa mtoni kutoa mihogo tuliyoloweka, na njia ya mtoni ilinitisha siku zile, kila kichaka nilikiona kina meno. Nilimtaka Tutaona. Nilimtaka pia awe wangu, angalau kwa asubuhi moja, maana baba alikuwa ameenda kwenye shamba la mpunga. Kengele ikilia mama angesikia. Basi nikafanya kama nilivyoona wawindaji wakifanya: nikachuma majani, nikayashindilia ndani ya kengele mpaka ndimi zake zikakwama, nikamwita kwa kidole. Tukapita nyuma ya jiko, kimya. Nilijiambia kwamba tukivuka migomba nitayatoa.

Sikuyatoa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema Waswahili, lakini siku ile guu lililovunjika halikuwa langu. Tulifika mtoni salama, nikajaza kapu, nikacheza na mbwa kwenye maji, nikasahau. Tuliporudi alinitangulia kama kawaida yake. Njia inakata kona penye mibuni mizee iliyoachwa, na akaipita ile kona mbio, bila sauti. Nikasikia mlio mmoja tu. Kapu likanidondoka.

Nilipofika Tutaona alikuwa amelala ubavu, miguu bado inatembea. Polisi alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, kijana mgeni aliyepanga nyumba karibu na kanisa. Mke wake alizoea kuazima kinu chetu. Sikulia. Hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo: kabla ya kulia, kabla hata ya kumshika kichwa, nilipiga magoti, nikatia vidole ndani ya kengele, nikayachomoa majani yote na kuyatupa kwenye mibuni. Polisi aliniona. Alitazama mkono wangu, akatazama majani yalipoangukia, kisha akatazama pembeni.

Baba alikuja mbio kutoka shambani, maana mlio wa bunduki kwetu hausubiri mjumbe. Alikaa chini vumbini, akamweka mbwa mapajani, na nikamsikia akitoa sauti ambayo sikujua kama baba zetu wanayo. Watu walipojaa, polisi akasema, "Sikusikia kengele, muzee. Ningeisikia, singepiga." Baba akainua shingo ya Tutaona akaitikisa. Ko-ko, ko-ko. Watu wote wakasikia. "Basi masikio yako iko wapi?" baba akamuuliza. Yule kijana alifungua mdomo. Nikasubiri aseme, nikahisi mkojo wa moto unanishuka miguuni. Akafunga mdomo wake, akavumilia matusi.

Tutaona alizikwa nyuma ya nyumba, katika kipande cha wavu wake. Baba alikataa kula siku mbili, na watu waliomwambia kwamba mbwa ni mbwa tu hakuwajibu salamu mwezi mzima. Nyavu akazigawa. Hakufuga mbwa tena, wala hakuingia tena msituni. Na kijana yule? Wamaza ilimfungia milango. Mama alikataa kumpa mke wake kinu, yule mwanamke mwenye mimba, akasimama mlangoni kwetu na kapu lake la muhogo mkavu akageuka. Wauza mawese waliwaambia yamekwisha huku chupa zikionekana. Kabla mvua hazijaanza walihama, yeye akisukuma baiskeli yenye magodoro, mke nyuma kwa miguu. Nilikuwa nimekaa barazani nikichambua sombe, majani ya muhogo. Neno moja langu lingewabakisha. Sikulisema, nikaendelea kuchambua.

Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa. Nimeolewa, nimezaa, nimewafundisha watoto wa watu kusema kweli, ubaoni, kwa chaki, na kila mara mgongo unanichoma. Siku hizi hapa Kasongo kuna wakati mbwa hupelekwa kuchomwa sindano ya kuzuia kichaa, na watoto wangu wana mbwa wao waliyemfunga kwa kamba, wanampigia kelele wee mpaka nachoka. Mbwa bado wanapigwa risasi vijijini, nasikia. Watoto wangu wakivunja kitu wanakuja kuniambia wenyewe, tena wanacheka. Sijui wamejifunza wapi, kwangu hawakujifunza.

Mwaka jana nilimleta baba kutoka Wamaza kwa pikipiki aje atibiwe macho, maana sasa anaona vivuli tu. Tulikuwa benchini, kwenye kituo cha afya, alipokuja mzee mmoja mwenye fimbo akatusalimu. Mimi sikumtambua. Baba ndiye aliyeitambua sauti, akageuza uso ukutani. Kwetu kumnyima mtu salamu mbele za watu ni sawa na kumtemea mate. Yule mzee hakuondoka. Alinitazama kidogo, akamgeukia baba.

"Muzee, kengele ililia," akasema. "Niliisikia. Niliogopa tu, nikapiga. Unisamehe."

Ni uongo, na mimi peke yangu pale nilijua kwamba ni uongo. Alikuwa amebeba mzigo wangu miaka yote hiyo, na sasa aliutia kamba upya, mbele yangu, ili mzee mmoja kipofu apate kupumzika. Nilikuwa na miaka tisa tena, vidole vyangu vina utomvu wa majani.

"Haikulia, baba," nikasema. "Mimi niliiziba. Nikatoa majani wewe hujafika. Yeye aliniona."

Baba hakugeuka upesi. Alimuuliza yule mzee kama ni kweli kwamba aliniona.

"Alikuwa mutoto," yule mzee akajibu.

Baba akapapasa benchi kwa kiganja, akasogea mbali nami, akamwambia yule mzee akae. Wakakaa. Wakaulizana habari za wake zao, za watoto, za miguu inayouma. Mimi hakuniambia neno, si siku ile, si njiani, si tulipofika. Mpaka leo hajaniambia, na ile fimbo niliyoiogopa utotoni ningeipokea sasa kwa mikono miwili.