Ordinatere ya Yaya na Sheria ya Njia

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, ni mtu wa baiskeli. Siku hizi hana baiskeli, na hata angekuwa nayo magoti yake yasingekubali, lakini mtu wa baiskeli haachi kuwa mtu wa baiskeli. Miaka ya vita, treni ilipokuwa imekufa na ndege zilikuwa za wenye bunduki, chumvi ya nyumba yetu ilikuja kwa baiskeli. Hakuna aliyeipanda. Yaya na wenzake walifunga fimbo kwenye usukani, wakapanga madumu ya mawese mpaka msukumaji haonekani, wakasukuma porini kwenda Punia na mbele zaidi, wakarudi na chumvi. Mimi nilikuwa mwanafunzi asiye na shule. Kazi yangu ilikuwa kuingoja hiyo chumvi, na Yaya nyuma yake.

Njia ilikuwa na sheria. Yaya ameniimbia sheria ile mpaka naijua kuliko zile za wizara yangu, na mimi ni mwalimu. Mwenye kwenda polepole hangojewi. Atafika saa yake. Lakini mwenye kuvunjikiwa hapitwi. Ukikuta baiskeli ya mtu imelala, unalaza na yako, unatia mkono. Mmoja anatoa spoki, mwingine anatoa kipande cha mnyororo, hata kama asubuhi mlitukanana mama. Sijui nani aliitunga. Miaka ile ndiyo sheria pekee niliyosikia watu wanaifuata.

Sasa Yaya anaishi kwangu, mtaa wa Kasuku, na magoti yake yanamfikisha mlangoni tu. Kilichomletea watu ni ordinatere, kompyuta ya mezani. Niliinunua kwa kijana mmoja aliyekuwa na chumba cha michezo karibu na kivuko, siku alipohamia Kinshasa. Ilikuwa kubwa, imechoka, na ndani ina taa za buluu kama baa. Sisi ni watu wa msikiti. Majirani walipita mara mbili kuhakikisha. Lakini ndani yake kulikuwa na mchezo wa mpira, na wenzake watatu wa zamani wa njia wakaanza kuja baada ya alasiri: muuza matairi, katekista wa parokia, na mmoja mrefu ambaye kazi yake sijawahi kuielewa. Wazee wazima, wanagombania penalti ya watu wasio na damu. Nilikuwa nasikia Yaya anacheka kutoka jikoni, na nilikuwa nafurahi, nasema wazi.

Kisha mashini ikaanza kuzeeka. Mchezaji anapiga shuti, mpira unasimama hewani, mnaweza kunywa chai yote kabla haujafika golini. Wenzake walingoja siku kadhaa kwa adabu. Halafu mmoja akawa na udhuru, mwingine akawa na msiba, yule mrefu hakutoa hata udhuru. Mwenye kwenda polepole hangojewi.

Yaya hakulalamika. Aliacha kumaliza sahani. Halafu akawa analala mchana, uso ukutani. Baba yetu alianza hivyohivyo, na hatukumaliza naye mwaka. Niliogopa. Nikasema, hii mashini itapona hata kama sina kitu.

Fundi wa sokoni aliifungua, akaitazama kama daktari anayelipwa kwa kila uso anaokunja. Akasema inataka vitu vitatu: bareti (kile kibao chembamba cha kumbukumbu), kadi ya picha, na feni mpya.

"Na kama nina pesa ya kimoja?"

"Madame, basi nunua kimoja uombee viwili."

Mkono mtupu haulambwi. Nilichagua bareti, kwa sababu ndiyo ndogo, na mama mmoja mfanyabiashara alikuwa anapanda ndege kwenda Goma. Kitu kidogo mtu anaweza kukubebea bila kukunung'unikia. Nikamweleza Yaya angoje bareti, asiguse chochote.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka shuleni nikakuta nyumba inanuka mboga. Sikuwa nimepika. Yaya alikuwa ameketi mbele ya mashini iliyo wazi, vidole vyekundu, kikombe cha mawese pembeni.

"Njo nini hii, Yaya?"

"Feni ilikuwa inalia. Kintu kikilia kinataka mafuta."

"Mafuta ya kula?"

"Vita yote tulipaka mawese kwenye gurudumu, mudogo. Hakuna gurudumu lililolia."

Ni kweli hakuna gurudumu lililolia. Lakini gurudumu halikai juu ya meza ya chumba, na sisimizi hawalifuati porini. Asubuhi walikuwa wamepanga msitari kutoka dirishani mpaka kwenye zile taa za buluu, wanaingia kwa kushoto, wanatoka kwa kulia, wana utaratibu kuliko mtihani wa serikali. Mawese nayo yalikuwa yameganda. Feni ilizunguka kidogo, ikafikiri, ikaacha. Mashini ikapata joto, ikazimika. Nilimwambia Yaya maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa. Akasema tu:

"Haya. Sasa imevunjika."

Kwa hasira nikaenda kumwambia muuza matairi, nikitaka tu mtu wa kunihurumia. Hakunihurumia. Aliuliza, "Imevunjika kabisa, ama inaenda polepole?" Nikasema imevunjika kabisa. Akafunga meza yake ya matairi, mchana kweupe, wateja wakiangalia.

Kabla ya magharibi wote watatu walikuwa nyumbani kwangu. Katekista alileta feni ya mashini iliyokufa ya parokia. Yule mrefu alileta rimoti ya televisheni, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho, na hakuna aliyemcheka. Kwenye njia unatoa ulicho nacho. Muuza matairi alileta tupa na waya. Feni ya parokia haikuingia. Wakaikata masikio, wakaifunga kwa waya wa kufungia madumu, fundo lilelile, na Yaya akiwa katikati anaamuru. Sisimizi waliwatoa kwa brashi ya viatu vyangu. Kazi ambayo fundi angeifanya akipiga simu iliwachukua juma zima, na kila siku nilipika sombe ya watu watano. Yaya alimaliza sahani. Aliomba ya pili.

Bareti ilifika kutoka Goma ndani ya kiatu cha yule mama mfanyabiashara, imefungwa nailoni. Waliitia, mashini ikawaka, na wallahi iliruka. Mpira ulikuwa unafika golini kabla hujatoa kidole. Walipeana mikono kama watu waliofika Punia. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kusahihisha madaftari.

Nilishukuru mapema. Mashini nzima haihitaji watu. Tena Yaya, aliyekuwa nayo kutwa, alikuwa bingwa, anawafunga wote watatu bila kuwatazama, na nani atavuka mji na jua lake kuja kufungwa? Wakaanza tena udhuru. Nilianza kuhesabu moyoni matonge anayobakiza.

Siku moja mashini haikuwaka. Nikapita kwa muuza matairi. Wakaja, wakafungua, wakapuliza, wakagombana, wakanywa chai, Yaya akatia mkono wa mwisho, ikawaka. Juma lililofuata, vilevile. Likafuata lingine. Nilimlaani fundi, nikailaani Goma, nikamshuku hata yule mama na kiatu chake.

Halafu nilikuwa napika maharagwe, nikachovya kijiko kwenye mkebe wa chumvi, kijiko kikagonga kitu. Bareti. Ndani ya nailoni yake, imefungwa vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaenda nayo chumbani, nikaiweka juu ya goti lake. Yaya aliitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mwingine.

"Chumvi inakula chuma," nikamwambia. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini hilo ndilo lililotoka.

"Iko ndani ya nailoni."

Halafu akasema, "Njia ya Punia, mara moja, homa ilinishika. Nilikuwa nasukuma, naona miti miwili mahali pa mmoja. Nikajua kesho nitakuwa wa polepole. Na pori lile, mwenye kubaki nyuma peke yake harudi. Basi asubuhi, wao bado wamelala, nilichukua jiwe, nikavunja mnyororo wangu."

"Wakangoja?"

"Walitengeneza siku nzima. Mimi nikalala kivulini. Kesho yake homa ilikuwa imeshuka, tukasukuma."

"Na hawakujua?"

"Mnyororo hauvunjike wenyewe usiku, mudogo. Walijua. Yule katekista aliushika, akauangalia, akasema, 'Mnyororo mubaya huu.' Wakakaa chini."

Miaka yote ile nilidhani kilichomrudisha kwetu ni nguvu zake. Nilimpa bareti yake, nikarudi kwenye maharagwe, nikalia kidogo. Moshi ulikuwepo, haukuwa na hatia.

Mwezi uliopita homa ilimrudia, ya kweli, ile inayomlaza mtu hata chai hataki. Dawa alikunywa. Lakini alikuwa amegeukia ukutani, na pembeni mashini inawaka vizuri, taa zake za buluu zote, hakuna inachokosa. Mkono wake haukuweza hata kuvuta shuka, sembuse bareti. Nikasimama hapo nikimwangalia mgongo.

Nikazima mashini. Nikafungua vifuniko kwa kisu cha jikoni, nikatoa bareti kama nilivyoona wanavyotoa, nikaipeleka kwenye mkebe wa chumvi. Mashini nzuri, niliyoitengeneza kwa mshahara wangu unaokuja ukitaka. Kisha nikatoa kiti nje, nikakaa mbele ya nyumba.

Wa kwanza kupita alikuwa katekista, juu ya baiskeli yake, anawahi mafundisho.

"Madame, habari ya hapa?"

"Mashini imevunjika," nikasema.

Aliniangalia, akatazama dirisha la Yaya lililofungwa, akashuka.

"Bareti mubaya ile," akasema, na akaegemeza baiskeli yake ukutani.