Nilimlilia nkambo wangu kwa desturi ya kwetu, Promoteur akaniona Facebook, kazi ikaota mbawa

Wakuu, nawasalimu kutoka Kamina, huku Haut-Lomami, Congo. Mimi humu ni msomaji wa kimya, leo ndiyo mara ya kwanza naanzisha uzi. Sitaongeza chumvi, maana jambo lenyewe limekolea tayari na mpaka sasa siamini kama limenipata mimi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Au nilikuwa, ulimi bado haujazoea.

Shule ni ya binafsi. Mwenye shule huku tunamwita Promoteur. Ni mtu wa kanisa, nadhifu, na nisimsingizie, shule yake ina nidhamu. Ila ana sheria moja: kila mwalimu a-save namba yake, asimfiche status, na Facebook wawe marafiki. Anasema mzazi anasoma maisha ya mwalimu kabla ya kusoma bulletin, ripoti ya mtoto.

Sisi tuliona ni vituko vya mkubwa. Asubuhi unaweka mstari wa Biblia, unaendelea na maisha yako.

Basi, nkambo akafariki kwetu Kabongo. Nkambo kwetu ni bibi. Huyu ndiye aliyemzaa mama yangu, na ndiye aliyenilea mpaka nikaanza shule. Promoteur alinipa ruhusa bila tatizo, akaniombea na safari. Nikapanda pikipiki, nikafika mavumbi mpaka kwenye meno.

Hapa nisimame kidogo, bila hili hamtaelewa. Ndugu zangu wa Tanzania, nyinyi msibani mna watani. Kwetu kazi hiyo ni ya wajukuu. Mjukuu anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anamtukana, anamsema tabia zake zote, watu wanacheka huku machozi yanatoka. Nkambo asiyechezwa na wajukuu ni kama kazikwa ugenini.

Na mimi ndiye mjukuu mkubwa. Nikavaa kitenge chake, nikafunga kitambaa, nikashika fimbo. Mkono mwingine chupa ya lutuku, ile pombe yetu kali, kwa sababu nkambo jioni alikuwa anagusa kidogo, Mungu amrehemu. Ndani ya chupa niliweka maji. Mimi pombe sijui hata ladha yake.

Nikapepesuka, nikagombeza mbuzi, nikauliza nani amekula kuku wangu. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala tangu msiba uanze, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaomba chakula. Wakuu, kwangu hiyo ilitosha.

Binamu yangu alikuwa anarekodi. Akarusha Facebook, aka-tag jina langu. Sikujua, network ya kule mnaijua wenyewe.

Narudi Kamina, naingia kazini, naitwa ofisini. Promoteur ananigeuzia simu. Najiona mwenyewe, kitenge, chupa mkononi, nayumba.

"Maître, huyu njo weye?" Yaani, mwalimu, huyu ndiye wewe?

"Njo minyi, Papa. Ilikuwa ku kilio."

"Nilikupatia ruhusa ya kwenda ku deuil, ku kilio, hapana ya kwenda kulewa mbele ya bantu. Bazazi banaona hii."

Nikamwambia ni maji. Nikamwambia ilikuwa Dimanche, Jumapili, nilikuwa kwetu, na video siyo yangu.

"Mwalimu iko mwalimu hata ku Dimanche," akasema, bila hasira yoyote.

Kilichonimaliza nguvu ni kwamba Promoteur ni Muluba, kabila moja na mimi. Anajua kabisa kazi ya mjukuu. Nikamkumbusha. Akanijibu: "Minyi najua. Bazazi ba ku Base habajue." Kweli, watoto wengi shuleni ni wa familia za wanajeshi wa Base, kambi ya jeshi ya hapa, watu wa kila pembe ya Congo. Kwa hiyo aibu ya nani ilikuwa inafunikwa pale, mimi mpaka leo sijui.

Jioni akanitumia maneno kwa WhatsApp, tayari yameandikwa. Kazi yangu ni ku-copy na kuyaweka kwenye status yangu na Facebook: kwamba naomba msamaha kwa haya, yaani aibu, niliyoifanya kwenye kilio cha nkambo wangu, na naikana tabia hiyo. Nikiweka, kazi ninayo. Nisipoweka, nisirudi.

Niliogopa, sifichi. Nina mke, nina mtoto, Plamedi, nyumba ni ya kupanga. Nikampa mke wangu simu asome. Akasoma, akanirudishia.

"Papa Plamedi, tutakula nini, minyi sijue. Lakini ukiandika hii, mama yako ataisoma."

Nikampigia mama. Nilitaka aniruhusu tu, niseme ukweli. Nikamsomea yale maneno, akaniuliza:

"Banataka useme ulifanya haya? Ulilia mama yangu vile bajukulu banaliaka."

Nikafuta yale maneno. Nikaweka picha ya nkambo ameshika fimbo yake, bila neno lolote.

Kabla sijalala nikatolewa kwenye group la walimu. Hakuna barua, hakuna kikao. Na walimu wenzangu, watu tuliokula nao bukari, ugali wetu, sahani moja, kimya. Mmoja tu alinipigia, kwa namba nisiyoijua.

"Pole, ndugu. Nakuita na téléphone ya jirani, yangu beko banaiangalia."

Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa kweli. Mtu mzima anaazima simu ili ampe mwenzake pole.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Bosi akiomba mlango wa nyumba yako, usimfungulie huku unacheka, kwa sababu siku akikaa sebuleni hutakuwa na nguvu ya kumtoa. Sisi tulimfungulia wote, kwa mistari ya Biblia.

Kwa sasa nafundisha watoto wa majirani uani, Mungu hamtupi mja wake.

Ila juzi niliweka status, mwanangu kavaa kile kitambaa cha nkambo, anacheka. Nikaangalia nani kaiona. Wa kwanza kabisa, Promoteur.

Niambieni nyinyi, nim-block, au nimwache aone?