Sanduku la Gulamali

Tinde nzima tulitumia sanduku moja la posta, la Gulamali mwenye duka. Hata aliyehamia juzi alijaza anuani hiyohiyo. Gulamali alizichukua barua zetu Shinyanga mjini, akaja kuzigawa dukani huku akipima sukari. Hapo ndipo Philomena, jirani yangu, alipopokea barua za mumewe Donatus, aliyekwenda Geita kuchimba dhahabu. Alimwahidi: nikipata nyumba, nitakuandikia uje.

Mwaka sabini na mbili Gulamali akahama na familia yake. Tulimsindikiza, tukalia, tukagombania mabaki ya dukani. Na sanduku? Hakuna aliyelikumbuka! Watu wazima na akili zetu.

Barua zikakatika. Mavuno mawili ya pamba yakapita, Philomena bado analala upande mmoja tu wa kitanda. Nikamtania, "Huo upande wa pili unafugia kunguni?" Akacheka, kisha akalia. Alimtamani mumewe jamani!

Nikamburuta hadi posta. Karani, kijana mmoja Onesmo, akatuambia, "Shikamooni. Sanduku lile lilifungwa, mama. Barua zilikuja, zikakaa muda wake, hakuna aliyezifuata, zikarudishwa kwa mtumaji. Ndiyo kanuni."

"Jina langu, Philomena, uliliona?"

"Niliona, mama. Lakini ningekupata wapi? Tinde hatupeleki barua nyumba kwa nyumba."

Loo, nilitamani nimrukie palepale dirishani! Lakini Philomena alikwishatoka. Alikwenda moja kwa moja stendi, akapanda basi la Mwanza, nami nyuma yake nikihema. Kesho yake tukavuka kwa kivuko kwenda Geita.

Tukaulizia kwa wachimbaji, tukamkuta Donatus mlangoni pa nyumba mpya ya matofali ya udongo. Aliingia ndani, akatoka na bahasha tatu zilizofungwa, kila moja imegongwa muhuri: Haikuchukuliwa.

"Nilikuita mara tatu," alisema. "Nikajua umenikataa."

"Sanduku lilifungwa, Donatus. Nilikuwa nakungoja."

Ndani mtoto mchanga akaanza kulia, na sauti ya mwanamke ikambembeleza.

Donatus akachuchumaa, akajifunika uso. Philomena akanyoosha mkono. "Nipe. Ni zangu hizo."

Akazitia kifuani bila kuzifungua, akanishika mkono.

"Twende, dada," alisema, "kabla mwenye nyumba hajatoka kutukaribisha."