Pikapu Iliyokuwa Ikizima Mlimani

Mume wangu alipopoteza macho kwa presha ya macho, alinikabidhi funguo za pikapu na hakutaka kuipanda tena. Alikuwa ameiendesha miaka mingi, akileta mchele Nyeri kutoka Wang'uru. Kazi hiyo nikaishika mimi. Yeye akabaki nyumbani kwetu Gatitu, kwenye veranda, akitambua gari la kila jirani kwa mlio.

Kisha pikapu ikaanza kunisumbua. Asubuhi inawaka vizuri, inakwenda kama nusu saa, halafu inakohoa na kuzima mlimani. Nikingoja kidogo, inawaka tena kama haikuwa na neno. Fundi mmoja alibadilisha plagi, mwingine akaosha kabureta. Haikupona.

"Twende nayo leo," nilimwambia mume wangu. "Mimi nimeshindwa."

"Nikaone nini?"

"Si kuona. Kusikiliza."

Alimaliza chai yake, kisha akanyoosha mkono nimwongoze.

Tulipakia mchele Wang'uru. Tulipokuwa tukirudi, tukipanda mlima baada ya Sagana, ikazima. Nilitaka kuiwasha, akanishika kiganja.

"Ngoja kwanza. Enda ufungue kifuniko ya tenki. Pole pole."

Nilipokilegeza tu, tenki ilivuta hewa kwa nguvu: fyuuu! Aliisikia kutoka kitini kwake, akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho kwa zaidi ya mwaka mzima.

"Petroli inatoka na hewa haiingii, kwa hivyo petroli inakwama," alisema. "Ukingoja, hewa inapenya kidogo, gari inawaka. Niletee hiyo kifuniko."

Alikipapasa kwa kidole gumba. "Hii si ile yangu. Ile ilikuwa na katundu ka kupitisha hewa."

Ikabidi niseme. Kile cha zamani nilikisahau juu ya bodi ya pikapu nilipojaza petroli kwenye kituo cha Kenol, kikaanguka njiani. Nikanunua chochote kilichoenea, na sikumwambia.

"Niliogopa utasema sijui kutunza gari yako."

"Ati gari yangu?" Malori yalikuwa yakitupita, pikapu ikitikisika. "Hii miezi yote umekuwa ukikwama mlimani peke yako, na mimi nimekaa tu kwa veranda. Mimi ndiye nimekosa, mama. Washa twende."

Nilikirudisha kifuniko bila kukikaza, nikakizungushia kitambaa. Tulifika Nyeri bila kuzima hata mara moja. Kwenye duka la speapati alipuliza vifuniko kimoja baada ya kingine, mwenye duka akimsubiri kwa adabu, hadi akapata kinachopitisha hewa.

Juma lililofuata, nikiwa bado napasha injini moto, nilisikia mlango wa upande wa pili ukifunguka. Alikuwa amekuja mwenyewe, akishika ukuta. Alipanda, akaanza kuutafuta mkanda kwa vidole. Niliinama nikamfungia.