Naam ya Mcha

Mcha, fundi cherehani wa Mkunazini, ndiye aliyeishonea bendera timu ya Mwangaza tangu ujanani. Uwanjani mtangazaji akiita "Mwangaza!" jukwaa zima huitika "Naam!" Mwaka huu kampuni ya mahoteli iliinunua timu, ikaipa jina lake. Mashabiki wakaapa kutoliitika.

Siku ya mechi ya kwanza mtangazaji akaliita jina jipya. Jukwaa likanyamaza. Mcha peke yake, kwa mazoea, akaitika, "Naam!"

"Ee, Mcha! Kumbe na wewe ushanunuliwa?" akamtania rafiki yake Ubwa.

Watu wakacheka. Mcha alingoja aone haya, au hasira, lakini hakikuja kitu. Akaikunja bendera ya Mwangaza, akaikalia, akatazama mpira hadi mwisho bila ya kujua nani kafunga.